Siku Lugha Yangu Ilipowaua Walio Hai

Jamani, mnicheke tu, nimeshazoea: mimi ndiye yule karani aliyewatangazia kifo wenzake wakiwa hai, tena jukwaani, mbele ya viongozi.

Ilikuwa Mafinga, miaka ya sabini, kwenye ushirika wetu wa wapasua mbao. Nilikuwa nimetoka kozi ya kompyuta Dar, na huko mwalimu alitupa wazo lililoninyima raha: kumbukumbu zote zikae kwenye majedwali, halafu mtu aseme tu anachotaka, bila kueleza kitafutwe vipi. Nikajiuliza, sasa kwa nini nisiseme kwa Kiswahili? Basi nikabuni lugha yangu (kompyuta Mafinga ingetoka wapi! mashine yangu ilikuwa Neema, karani mwenzangu, na maboksi mawili ya kadi), namwandikia agizo naye analifuata neno kwa neno.

Kilichoniponza ni kitu kidogo. Niliamua kila swali la kwenye kadi, kama lile la HAI (mwanachama yu hai?), lijibiwe ndiyo au hapana, basi.

"Kaka, na kadi ambayo haijajazwa je?" Neema akauliza.

"Kama haijasema ndiyo, ni hapana. Lugha nzuri haina maneno mengi."

Siku ya mkutano mkuu meneja akataka majina ya wanachama waliofariki yasomwe, watu wasimame kimya. Nikaandika: LETA JINA TOKA WANACHAMA AMBAPO HAI SIYO NDIYO. Neema akaniletea orodha dakika za mwisho, nami kwa majivuno yangu sikuipitia, nikapanda jukwaani.

Wenye majina matatu ya kwanza walikuwa marehemu kweli. La nne nikasoma, "Marehemu Mama Tumaini."

Mama Tumaini alikuwa nyuma ya ukumbi anapika pilau ya mkutano! Kaka yake, aliyeshuka kwenye basi la Mbeya muda huohuo na hawajaonana bado, akapiga ukelele akaanguka, wanawake wakakipokea kilio, na mama mwenyewe akaja mbio na mwiko mkononi, analia kuliko wote.

"Nani kafa, jamani?"

"Wewe!"

Meneja akaninong'oneza kwa hasira, "Soma jingine, haraka!" Nikasoma jingine. Lilikuwa lake.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, isipokuwa meneja. Mama Tumaini akafuta machozi, akanisogelea.

"Mwanangu, hiyo kadi imesema nimekufa?"

"Haijasema kitu, mama. Mahali pa kujaza ni patupu."

"Sasa kama haijasema, wewe umesikia wapi?"

Swali lile ndilo lililonifundisha kuliko kozi nzima. Nikaongeza jibu la tatu, HAIJULIKANI, nikagundua limezaa maswali mengine kumi (haijulikani ukiijumlisha na ndiyo unapata nini?), mpaka leo nayachokonoa. Ila kumtangaza mtu marehemu kwa sababu karatasi imenyamaza, sirudii. Naenda kwake, napiga hodi, nasubiri nisikie "karibu."