Sufuria ya Kitambaa Chekundu

Kundi lile la simu liliitwa Jiko la Halali, Walikale na Masisi. Lilikuwa na wanawake thelathini na wanne, na karibu kila mmoja wao aliwahi kukimbia akaacha chungu motoni. Hilo halikuwa sharti la kujiunga. Masharti yalikuwa mawili tu: usitume siasa, na usitume picha ya chakula ambacho hukukipika mwenyewe.

Mwenye kundi alikuwa Zabibu, mama wa makamo wa Walikale, muuza vitenge. Alifundisha kwa sauti zilizorekodiwa, maana aliamini pishi likiandikwa hupoteza chumvi. "Wamama, salaam aleikum," alianza kila mara, kwa Kiswahili cha kwao ambako ndiyo husemwa njo. "Leo njo pilau. Kwanza, tafuta nyama."

Kule Kashuga, ndani ya kibanda cha turubai katika kambi ya waliohama, wifi yake Mwamini alisikiliza mpaka hapo, akasimamisha sauti, akacheka peke yake, kisha akaendelea kusikiliza. Alisikiliza yote. Mtu aliyeshiba husikiliza mapishi nusu nusu. Mwenye njaa hayaachi mpaka salamu ya mwisho.

Mwamini alizaliwa Kingi, juu ya mlima, katika ukoo wa Wakristo waliolima maharagwe na mihogo tangu zamani, na alibatizwa Geneviève. Akaolewa na Assumani, mfanyabiashara wa chumvi na sabuni kutoka Walikale, mdogo wake Zabibu. Akasilimu, akapewa jina jipya. Imani aliipata kwa mumewe, lakini jiko alilipata kwa Zabibu, aliyemfundisha kukaanga kitunguu mpaka kibadilike rangi, kumwonjesha mgeni kabla ya mwenyeji, na kutouliza nyama ya mtu imetoka wapi bila kwanza kumsalimia.

Katika kundi, Mwamini naye alikuwa na masomo yake. Alieleza namna ya kutwanga sombe, majani ya mihogo, katika kinu cha jirani Mkristo bila kumfanya ajione mchafu: unakwenda na mtwangio wako, unasema wake ni mzito. Alieleza jinsi ya kuosha chombo kilichopikiwa nguruwe: mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo uliochanganywa na maji. Sauti hiyo ilikuwa ya dakika mbili, na wamama wengi waliisifu.

Masomo yake mengine yalifuata hali ya soko. Mwezi wa tatu alituma pilau bila nyama. Mwezi wa tano, pilau bila mafuta. Mwezi wa sita ilikuwa pilau bila mchele, na aliendelea kuiita pilau kwa sababu bizari ilikuwa bado ipo.

Katikati ya miezi hiyo, Assumani aliuawa njiani na mzigo wake wa chumvi. Ni kundi gani lililomuua, hakuna aliyejua. Katika milima ile makundi yenye silaha yamejipa herufi nyingi mpaka alfabeti imebaki na kazi ndogo. Waliomkuta walimzika kando ya njia, wakasoma walichokijua.

Mwamini akakaa eda yake ndani ya turubai, miezi minne na siku kumi, pamoja na binti yao Tausi wa miaka tisa. Eda ilipokwisha, Zabibu alimtumia sauti, safari hii kwake peke yake, nje ya kundi.

"Wifi, pole tena. Sasa tuongee ya mutoto. Nasikia huko kambini munapika pamoja na bale batu ba nguruwe. Tausi iko damu ya ndugu yangu. Nitakuja mwenyewe kuona. Kama jiko yako iko ya kiislamu, mutoto atabakia. Kama haiko, nitamubeba Walikale. Usikasirike. Andaa jiko."

Mwamini hakukasirika. Kukasirika kunataka nguvu, na nguvu alizitumia kutafuta mawe matatu mapya ya jiko, kisu kisichowahi kutumiwa na mtu, na mwiko wa mti mbichi aliouchonga kwa kisu hicho. Kilichokosekana ni sufuria. Yake ilibaki motoni siku walipokimbia, na tangu hapo alipikia katika kopo la mafuta ya msaada lililokatwa mdomo. Huwezi kumpokea Zabibu kwa kopo.

Akamtumia mama yake ujumbe Kingi. Mama yake, Nyiraneza, alikuwa na sufuria ya Assumani.

Maana yake ni hii. Katika milima ile, Mkristo mwenye mkwe au rafiki Mwislamu huweka chombo kimoja kando. Hakiguswi na nguruwe, wala hakiazimwi ovyo, na ili mtu asisahau, hufungwa alama. Nyiraneza alinunua sufuria ya mkwe wake wiki ya harusi, akafunga kitambaa chekundu kwenye mshikio, akaiweka darini. Ilishuka Assumani alipokuja na kupanda alipoondoka. Miaka kumi na moja, mama mkwe asiyejua hata neno moja la dini ile aliilinda kuliko baadhi ya wenye dini yenyewe.

Nyiraneza akaja kwa miguu, siku mbili, sufuria kichwani, kitambaa kikiwa mahali pake. Mwamini alipokiona alilia, jambo ambalo hakulifanya siku ya habari ya mumewe. Akaiosha sufuria vizuri kwa maji na majivu, mara moja. Somo la mara saba lilikuwa lake mwenyewe, lakini chombo chenye kitambaa hakioshwi mara saba. Ingekuwa kama kumuuliza padri kama amebatizwa.

Zabibu alifika kesho yake kwa pikipiki, siku mbili njiani, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amebeba mchele na mguu wa mbuzi uliokaushwa kwa moshi, mbuzi aliyechinjwa Walikale mbele ya macho yake. Mguu ulikuwa mzima ulipotoka. Lakini njiani kulikuwa na barieri tisa, vizuizi vya wenye bunduki, na kila barieri iliomba kuonja. Kashuga ilipokea goti na nyama kidogo juu yake.

"Nyama nimekuja nayo," alisema baada ya salamu na machozi. "Si kwamba sikuamini, wifi."

"Najua, dada."

"Hapa tu njo siamini."

Kisha akaanza kazi. Alinusa mwiko. Alikigeuza kisu. Alipiga magoti mbele ya mawe matatu akayatazama kama mtu anayesoma barua ya serikali. Akamwita Tausi, akamwambia asome Fatiha. Tausi akaisoma yote bila kukosea, mikono nyuma.

"Vizuri. Jana ulikula nini?"

"Jana hatukukula, tantine," akamjibu shangazi yake.

"Na juzi?"

"Maharagwe."

"Ilipikwa na nini?"

Mtoto akafikiri. Alitaka kujibu vizuri. "Na maji."

Zabibu akageuza uso. Halafu akaiona sufuria, akaona kitambaa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. Habari ya sufuria ile aliwahi kuisikia kwa ndugu yake.

"Njo hii?"

"Njo hii."

"Basi pika."

Mwamini akapika. Kwa vile goti moja la mbuzi halitoshi watu wanne, alifanya alichokuwa amewafundisha wengine: alichemsha mfupa kwanza, muda mrefu, akaivisha mchele kwa supu yake, na nyama akaichambua nyuzi nyuzi ili kila tonge likutane na uzi mmoja. Harufu ilitoka nje ya turubai. Watoto wa kambi wakaja wakasimama mbali kidogo, kwa adabu, kama watu waliofika mapema mazikoni.

Zabibu aliikaribia sufuria mara mbili, akanusa. Mara ya pili alisema, "Kitunguu umekiweza." Kwa wanaomjua Zabibu, hiyo ni shahada ya chuo.

Wakaketi wanne, wakiwa wamenawa mikono. Zabibu akasema bismillahi. Na Nyiraneza, ambaye siku nzima alikuwa kimya kwa heshima, akaona wakati wake umefika wa kumsifia mkwe wake marehemu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na vipimo, hakikufaa kwa jambo kubwa kama hilo. Akasema kwa Kinyarwanda, akimtazama Zabibu moja kwa moja, mkono juu ya kitambaa.

Alisema kitambaa hiki tangu harusi hakijawahi kukutana na nguruwe. Hata Noeli iliyopita. Watu wenye bunduki walipita Kingi wakabeba sufuria za mlima mzima, hii tu ikapona kwa sababu ya kufichwa darini. Jirani yao Léonard alikuwa na nguruwe mmoja, na kwa kuwa wale wangerudi, akaamua mnyama afe mikononi mwa rafiki. Chombo cha kumpikia kilikuwa hiki kimoja, kwa nyumba sita zenye watoto. Basi yeye Nyiraneza alikifungua kitambaa kwanza. Alikikunja, akakiweka ndani ya Biblia, ndipo akatoa sufuria. Walipomaliza aliiosha, akakifunga tena. Kitambaa hakikuona kitu.

Alisema hivyo kwa fahari, kisha akangoja.

Zabibu alikuwa na tonge mkononi. Kinyarwanda hakukijua hata kidogo.

"Mama anasema nini?"

Mwamini angeweza kumficha. Lilikuwa jambo jepesi. Mama anasema karibu. Mama anamlilia Assumani. Maneno matatu tu, na mtoto anabaki, na Zabibu anakula kwa kutojua, ambako hakuna hesabu ya dhambi juu yake. Hesabu yote ingemwangukia Mwamini peke yake, na alikuwa tayari amebeba mizigo mizito kuliko huo.

Lakini Tausi alikijua Kinyarwanda. Alikuwa amelelewa nacho mgongoni mwa bibi yake. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya sahani, na macho yake yalikuwa kwa mama yake. Hayakuwa ya kumwomba kitu. Alikuwa akitazama tu, jinsi anavyotazama kitunguu kikibadilika rangi, ili ajue inavyofanywa.

"Anasema," Mwamini akasema, "hii sufuria ilipikiwa nguruwe. Siku ya Noeli. Sikujua. Nimeiosha mara moja tu."

Tonge likarudi kwenye sahani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Nyiraneza aliangalia nyuso, moja baada ya nyingine. "Nimesema vibaya?" akauliza kwa Kinyarwanda.

"Hapana, mama," Mwamini akamjibu. "Umesema vizuri."

Zabibu alijifuta wali mkononi. "Ungenidanganya," alisema mwishowe, "ningekula."

"Njo maana."

"Na nilikuwa nimekwisha kuamua mutoto abakie. Tangu kitunguu."

Zabibu akajifuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

"Wewe, wifi, sina shaka na wewe. Leo umenipita mimi. Lakini nitamuachaje mutoto pahali ambapo muislamu mwenye akili kama yako hana namna ya kujua anapikia mu nini? Na kesho ni maharagwe na maji, na kesho kutwa ni maji." Akavuta pumzi. "Hapa si kosa yako. Hapa njo kosa."

Hukumu ikawa hiyo, na lililokuwa baya zaidi ni kwamba hapakuwa na pa kuikatia rufaa, kwa sababu Mwamini alikubaliana nayo karibu yote.

Chakula kiligawiwa kwa watoto waliosimama mbali. Walikula kwa dakika chache mbuzi aliyechinjwa kwa bismillahi, aliyesafiri siku mbili na kuvuka barieri tisa, na mmoja wao akaomba mfupa. Tausi alipewa ndizi ya njiani ya shangazi yake. Aliila huku akiwaangalia.

Asubuhi pikipiki ilipokuwa ikiwashwa, Nyiraneza alifungua kitambaa kwenye mshikio wa sufuria, akamfunga nacho Tausi mkononi, mafundo mawili. Kwa akili yake, kitu chenye kitambaa kile hakiguswi. Barieri zilikuwa tisa. Zabibu alikitazama kitambaa, akampandisha mtoto.

"Usilie," Mwamini alimwambia mtoto. "Na tantine akikaanga kitunguu, angalia."

"Ndiyo, mama."

Walipopotea kwenye kona, Mwamini akarudi kwenye sufuria. Akachota udongo, akauchanganya na maji, akasugua ndani na nje. Halafu maji, mara sita, akizihesabu kwa sauti. Mama yake alikaa pembeni akitazama.

"Mgeni amekwenda," alisema Nyiraneza. "Unamwoshea nani?"

Mwamini akamaliza, akaiinamisha juani.

Wiki tatu rezo ya simu ilikatika. Wengine walisema mnara umechomwa, wengine walisema umezimwa, na mapigano yakafunga njia ya Walikale kwa pande zote mbili. Siku rezo iliporudi, simu ya Mwamini ilitetemeka mara nyingi mfululizo. Miongoni mwa sauti zilizoingia, moja ilikuwa ya Zabibu, kwa kundi zima.

"Wamama, salaam aleikum. Leo njo kuosha sufuria ambayo haujue historia yake. Musiamini alama. Alama inafungwa na mikono, na inafunguliwa na mikono." Hakutaja jina la mtu. Nyuma ya sauti yake maji yalikuwa yakimwagwa, na mtoto alikuwa akihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye nne alikwama, akaanza upya kwa Kinyarwanda, akaenda vizuri mpaka gatanu, gatandatu, yaani tano, sita.

"Kiswahili, mama," Zabibu alisikika akimwambia, si kwa ukali. "Hesabu na Kiswahili."

Maji, kisha ile sauti ndogo: "Saba."

Kama kitambaa kilikuwa bado mkononi, sauti haikuonyesha.

Mwamini alitaka kuihifadhi. Simu ikamwambia nafasi imejaa, achague cha kufuta. Akaanza na pilau, ile inayosema kwanza tafuta nyama.