Jina Chini ya Kitambaa

Mimi nina mdomo, sikatai. Jumamosi ambazo sina zamu hospitalini hujitolea kuongoza wageni katika jumba moja la sanaa hapa Houston. Kwenye chumba cha picha za Ulaya za miaka mia nne iliyopita, moja tu ndiyo iliyochorwa na mwanamke. Lebo yake ilianza na jina la baba yake, naye mchoraji. Mwenyewe akafuata nyuma, "na binti yake". Nilikereka. Nika-email wahusika mara tatu mpaka wakaahidi kuibadilisha, na ya nne nilikuwa nimeshaiandaa.

Kwa hiyo nilipowapeleka akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa, ya kitongoji cha Pearland, niliwasimamisha mbele ya picha ile nikawahubiria. "Kazi kafanya yeye, sifa kapewa mzee. Ndiyo haki hiyo?"

Kati yao alikuwapo mama mmoja Mrundi, mfanyakazi wa hoteli. Yeye hudarizi vitambaa vya meza, ndege na migomba, mpaka unaogopa kuweka sahani juu yake. Kimoja kilikuwa kitundikwe kesho yake kwenye maonyesho ya parokia, mara yake ya kwanza kuonyesha kazi yake mbele ya watu. Lebo nilikuwa nimeziandika mimi, na asubuhi ile alikuwa ameziona ndani ya gari langu.

"Dada," akasema taratibu, "na mimi umeniandika nani?"

 Nilikuwa nimeandika Mama, halafu jina la mwanawe wa kwanza. Kwetu hiyo ndiyo heshima; kumwita mtu mzima jina lake kavukavu ni kukosa adabu. Lakini mwanawe yule hajawahi kushika sindano. Na mimi, miaka saba tunasali pamoja, tunakula pamoja, nimemuuguza nyumbani kwake alipougua, jina lake sikulijua. Niliona aibu, jamani, aibu ya kweli. Nyani haoni kundule.

Tulipofika kwenye gari niliichana ile lebo, nikatoa kadi mpya.

"Nitajie majina yako niandike."

Akayataja, yote matatu. La pili nikalikosea. Akatabasamu, akanyoosha mkono, nikampa kalamu.

Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, akaijaza kadi mpaka ukingoni. Pa jina la mwanawe hapakubaki.