Uzi wa Shali la Arobaini

Juzi nlipita ule uchochoro wa Mji Mkongwe lilipokuwa duka la nyuzi, nikakuta wanauza kofia za ukili na vikobe vya sumaku vya kubandika kwenye friji. Kijana wa mlangoni akanisemesha Kitaliano. Mimi, nliyezaliwa mtaa wa pili kutoka pale! Nlisimama nikaziangalia rafu, maana rafu ni zile zile, mbao nyeusi mpaka darini, na zamani zilijaa vidonge vya uzi wa kila rangi uijuayo na usiyoijua.

Basi kaa nikwambie, maana jambo hili limenikaa kooni miaka mingi kama mwiba wa samaki.

Nlilelewa na bibi, mzaa mama. Mama mwenyewe aliolewa Bwejuu mimi bado mdogo, akaniacha mjini "mpaka mambo yakae sawa". Baba simjui, ukiuliza habari zake ulikuwa unatumwa dukani. Kila Ijumaa nlioga mapema, nikavaa gauni langu la Idi, nikakaa barazani, pengine leo ndiyo siku ya kufuatwa. Majirani wakinipita wananiuliza, "Safari wapi, bibi harusi?" wanacheka, wanakwenda zao.

Siku moja habari zikaja kuwa mama kajifungua mtoto wa kiume. Bibi alipiga kigelegele peke yake jikoni, mwiko mkononi. Kisha akanambia, "Vaa viatu, twende ukachague uzi."

Kwao bibi ndiyo ilikuwa kawaida. Shali la kumtolea mtoto nje siku ya arobaini hulifuma bibi yake, lakini uzi huchaguliwa na mtoto aliyemtangulia, ili wapendane na waandamane. Kumbe na mimi nimo! Nikajiambia, mimi ndiye mkubwa wake, na haiwezekani mdogo akae kwa mama halafu mkubwa aachwe mjini. Akili za kitoto, lakini nani angenikosoa?

Kuchagua uzi na bibi kulikuwa kazi. Dukani mlikuwa na kiza, na bibi hakuiamini rangi ya kizani. Kila kidonge alikitoa nje, akakipeleka mpaka pale jua linapopenya baina ya nyumba na nyumba. Akivuta ncha, akiilowesha kwa mate, akiisugua kwenye upindo wa leso yake nyeupe aone kama inachuja. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyekuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, akachoka. "Bibi, wewe nanunua uzi au naoza binti?"

"Nnaoza," bibi akamjibu, wala hakumtazama.

Nlianza na uzi wa waridi. Ukachuja pale pale, leso ikabaki na doa. "Huu mnafiki," bibi akasema, "dukani unacheka, kwenye beseni unalia." Mwisho nikashika wa kijani, kijani cha ndimu changa, na huo haukutoa hata chembe. Bibi akavichukua vidonge vyote vya rangi ile vilivyokuwepo, kwa sababu ukirudi kesho rangi haiwi ile ile tena. Nliubeba mfuko mwenyewe njia nzima, nikakataa kusaidiwa.

Akawa anafuma kila baada ya alasiri, sindano ya kroshia inakwenda mbio, huku harufu ya mandazi ya jirani inatuingilia sebuleni na redio inapiga taarabu. Kazi yangu kushika kidonge kisibingirike. Nikamuuliza, "Mama akiniona na shali hili, atanichukua?"

"Legeza uzi," akasema. "Unanikaza."

Siku ya arobaini tukenda Bwejuu asubuhi. Kabla hatujafika mlangoni bibi alisimama, akainama kunifunga ushungi, na ushungi wangu ulikuwa sawasawa.

"Hapa mimi niite mama. Na mamako muite dada. Umefahamu?"

"Kwa nini?"

"Ndivyo walivyoambiwa."

"Kawaambia nani?"

"Mimi," akasema, akanishika mkono tukaingia.

Maana yake nliijua ukubwani. Wakwe walitaka mwari asiyepata kuzaa, na bibi akawapa mwari. Mtoto wa mwanawe akamfanya wake, mambo yakaisha.

Ndani mlikuwa na wanawake watupu, moshi wa udi na uji wa pilipili manga. Mama alikuwa kitandani, kanawiri, mtoto pajani. Alinitupia jicho mara moja tu. "Huyu mdogo wangu," akawaambia wageni.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba." Sauti yake haikutikisika hata kidogo.

Mkwewe akalikunjua shali, akaligeuza huku na huku. "Mashallah! Na uzi huu kachagua nani?"

Nikafungua mdomo. Bibi akaniwahi: "Nimechagua mwenyewe."

Wallahi, hilo ndilo lililoniua. Kuitwa mdogo wake ningestahamili. Lakini uzi nlichagua mimi!

Tuliporudi mjini bibi akanambia, "Tushafika kwetu, niite bibi." Nikakataa. Nikamwita mama mpaka siku aliyokufa, na nlikuwa nnajua kila nikimwita nnamchoma.

Watu wanalilia mji wao, duka hili limefungwa, nyumba ile imekuwa hoteli. Nyumba ya bibi nayo imeuzwa, na wanaolala humo leo hawajui hata jina lake. Mimi silii nyumba. Nawalilia waliokuwa wanajua. Mambo haya kwetu huyajua mtaa mzima isipokuwa anayehusika, na mtaa wenyewe umeshahama, umeshakufa.

Mama naye kafa, mwezi uliopita. Nlimuuguza kwa mikono yangu, na majirani zake wakinisifu, dada gani huyu! Hata tukiwa wawili chumbani hakuniita mwanangu. Nlingoja, na yeye alijua kuwa nnangoja.

Matangani alikuja yule mwanawe wa kiume, sasa mtu mzima ana ndevu zake, macho mekundu. Akanishika mkono kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama mdogo. Pole, umefiwa na dada."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Pole na wewe. Umefiwa na mama."