Pole ya Kiingereza

Mvua zilipobomoa reli upande wa Gulwe, kisha zikaibomoa tena upande wa Bahi, Dodoma ilibaki na filamu moja. Ilikuwa ipite kwetu tu, iendelee Tabora. Sasa hapakuwa na treni ya kuichukua wala ya kutuletea nyingine. Tajiri wangu akaionyesha, akaionyesha tena, na alipoona watu bado wanakuja, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda, akaendelea kuionyesha.

Tajiri alikuwa Mhindi Mwislamu, muuza vitambaa. Mbele lilikuwa duka, nyuma ghala, na ghala hilo ndilo lililokuwa sinema yetu: mabenchi, shuka kubwa jeupe ukutani, magunia madirishani ya kuzuia jua la alasiri. Kazi yangu ilikuwa kubeba makopo ya filamu kutoka stesheni, kufagia, na kuzungusha mkono wa kile kimashine cha kurudisha mkanda mwanzo. Mkanda ukikatika, niliuunga kwa gundi. Nilikuwa nimekwisha kufanya kazi nyingi kabla ya hiyo na sikuwahi kukaa katika yoyote. Shule niliiacha darasa la tatu. Hakuna aliyenifukuza. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara ya Kondoa, na siku moja walipita ng'ombe wanapelekwa mnadani, nikataka kujua mnada ukoje. Sikurudi.

Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mwanamume na mwanamke wa Kizungu wanakutana katika nyumba ya wageni kando ya ziwa. Wanapendana. Wanagombana. Mwanamke anaondoka kwa gari la farasi, na mwanamume anamkimbilia kwenye mvua bila kofia. Mama mmoja wa Kigogo aliyeuza vitumbua mlangoni alikuwa akichungulia kila ilipofika mvua ile.

"Mvua yote hiyo," alisema, "na hakuna hata mmoja anayekwenda kupanda mtama."

Mimi mvua haikunishughulisha. Nilisikiliza maneno. Nilikuwa na Kirangi kidogo, Kigogo cha kutosha kuombea maji, na Kihindi cha kuhesabia mitumba ya vitambaa, na vyote nilivipata kwa kusikiliza watu wasionijali. Nikaona Kiingereza nacho kitaingia kwa njia hiyohiyo. Baada ya majuma machache niliweza kusema sentensi kabla ya yule mwanamke kuisema, na sauti yake nikaiga. Watu wa mabenchi ya mbele wakawa wanageuka kunitazama mimi badala ya shuka.

Hivyo ndivyo nilivyopata mwanafunzi.

Alikuwa Mrangi wa huko milima ya Kondoa, mtu mzima kunizidi, mhudumu hospitalini. Alifagia wodi, alichemsha maji, alibeba wagonjwa. Alikuwa mtaratibu na alipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda chochote. Alitaka kuwa dresa, yule anayefunga vidonda na kuchoma sindano. Mkono alikuwa nao, kusoma na kuandika Kiswahili alijua, ila wale waliochaguliwa kwenda kusomea udresa walihojiwa kwanza na daktari, kwa Kiingereza, ana kwa ana. Daktari mwenyewe alikuwa mgeni, ametoka kwao juzi tu, na Kiswahili chake kiliishia "maji moto" na "upesi".

"Nifundishe," aliniambia. "Kusoma sikuombi. Nataka masikio na mdomo."

Nikamwambia aje kila Jumapili alasiri. Tajiri alituona tumekaa benchi la nyuma, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Sasa veve iko mwalimu? Mwalimu ya kufagia?"

"Ndiyo, tajiri."

"Haya. Fundisha. Lakini benchi usivunje."

Njia yangu ilikuwa hii. Kwanza mwanafunzi afumbe macho asikilize, aseme ni neno gani limemgonga sikio. Kisha filamu ikirudiwa afumbue, atazame ni nani anayelia, nani anayecheka, mkono uko wapi. Maana ya neno iko usoni mwa msemaji, nilimwambia. Sentensi hiyo niliipenda sana, niliirudia kila Jumapili kama mtu mwenye kitabu chake. Nikilikumbuka benchi lile sasa, masikio yangu hupata moto.

Alikuwa mwanafunzi mzuri, ila penye kubusiana. Hapo alitazama makubadhi yake mpaka yaishe, kwa heshima ya dini yake, na maneno yote ya sehemu hiyo yakampita.

"Mwanafunzi wa mapenzi anayeogopa mapenzi," alisema mama wa vitumbua.

"Shikamoo, mama," alijibu yeye, bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Nunua kitumbua, labda utapata nguvu ya kutazama."

Neno tulilolishika vizuri kuliko yote lilikuwa "sori". Mwanamume wa filamu anapata barua. Tunajua ni ya msiba kwa sababu anaketi, anavua miwani, na ndani ya maneno yake limo "maza". Mama yake amekufa. Yule mwanamke anamshika mkono wa koti, anasema polepole, "Ai em sori." Nani asingeelewa? Hakumuua yeye huyo mama. Hata hakuwahi kumwona. Anampa pole.

"Basi 'sori' ni pole," alisema mwanafunzi wangu, na uso wake ukafunguka.

"Hasa."

Alifurahi kupita kiasi. Alisema alikuwa akijiuliza Wazungu, kama hawana pole, wanaingiaje katika chumba cha mgonjwa. Sisi pole tunaitoa asubuhi hadi usiku: kwa mgonjwa, kwa aliyejikwaa, kwa aliyefiwa, kwa aliyetoka shamba, kwa mwenye mzigo kichwani, kwa mpishi aliyeunguza mboga. Hakuna anayeuliza nani kamkwaza aliyejikwaa. Unaona tu mwenzio yumo katika taabu, unampelekea neno.

Kulikuwa na sehemu nyingine ya filamu, ambako mwanamume anakata mkufu wa mwanamke kwa bahati mbaya na shanga zinamwagika sakafuni. Anasema neno lilelile, "sori". Mwanafunzi wangu aliniuliza kuhusu hapo.

"Mbona hapa ndiye aliyekata?"

"Amekata, lakini mwenye mkufu ni mwanamke," nikamwambia. "Si lazima umpe pole?"

Akakubali. Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu, limemwagika sakafuni pamoja na shanga, nami nikalipita.

Siku za mahojiano zilikaribia. Alikuwa tayari ametajwa miongoni mwa watakaohojiwa. Kisha ukavuma mmoja wa pepo zile za Dodoma, zinazokuja na vumbi jekundu na kufungua kila kilichofungwa vibaya. Katika chumba cha daktari dirisha lilipiga, likaangusha hadubini yake, aliyokuja nayo mwenyewe kutoka kwao. Ilivunjika. Mwanafunzi wangu aliposikia kishindo alikimbia na ufagio, akamkuta daktari amekuja mbio kutoka wodini, amesimama juu ya vioo. Uso wa daktari, alinieleza baadaye, ulikuwa uso wa yule mtu wa filamu mwenye barua.

Basi akafanya kama mtu wa kwao. Alisimama wima, akasema, "Ai em sori, sa. Ai em veri sori."

Daktari akageuka. Akamwuliza kitu kwa upole, na mwanafunzi wangu, kwa masikio niliyomfunza mimi, alikielewa: "Hukuigusa?" Alikielewa barabara. Mtu wetu akiulizwa "hukuigusa?" naye hakuigusa, hujibu "ndiyo": ndivyo, sikuigusa. Akajibu, "Yesi, sa."

Jina lake likafutwa siku hiyohiyo.

Alikuja ghalani nikiwa nafagia. Hakuwa na hasira. Alidhani ni kosa la kutamka.

"Mwalimu, twende ukanisemee. Labda 'sori' yangu haikutoka sawasawa."

Tajiri alipopata habari hakucheka. Alishusha koti jeusi kutoka ukutani dukani, la kwake la sikukuu, akanivalisha mwenyewe na kunifunga vifungo. Mikono ya koti ilinipita vidole. "Ongea vizuri," alisema. "Huyu mtu iko na watoto."

Tulikwenda asubuhi. Njia nzima nilitafuta maneno, na yalikuja kwa wingi, yote mazuri, nikayapanga. Mbele ya chumba cha daktari alikaa karani, kijana aliyesoma, kalamu juu ya sikio. Alitusikiliza, akasema kwa wema, "Elezeni kwa Kiswahili, ndugu zangu. Mimi nitatafsiri."

Mwanafunzi wangu alinitazama. Nilijua macho yale. Yalikuwa yale ya benchi la nyuma.

"Ahsante, bwana karani," nikasema. "Nitasema mwenyewe."

Tukaingia. Daktari aliinua kichwa. Nikafungua mdomo, na mle ndani hamkuwa na chochote ila filamu.

"Gudu ivining," nikasema. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Daktari akangoja. Nilitafuta neno la dirisha, na katika filamu hawakuwahi kulitaja dirisha. Nilitafuta neno la upepo. Nilikuwa na neno la kungoja, la kuondoka, la mvua, la moyo, la milele. Nilikuwa na njia nyingi za kumwambia mtu kwamba siwezi kuishi bila yeye. Mikono ya koti ilizidi kunishukia.

"Pulizi," nikasema, "bilivu mi, mai dia."

Nyuma yangu karani alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mlangoni walikuwa wamekusanyika wahudumu wengine na ndoo zao. Daktari alisema maneno mengi kwa haraka. Hakulia, hakucheka, hakushika mkono wa mtu. Maneno yalitoka katika uso uliotulia kama meza, na mimi niliyefundisha kwamba maana iko usoni sikupata hata moja.

Nikaona huyu mtu amevunjikiwa na chombo chake, na hakuna aliyempa pole ikaeleweka. Nikasema, "Ai em sori."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akakubali. Ni hapo nilipoelewa. Pole haipokelewi hivyo. Anayepewa pole hulegea kidogo, husema ahsante, hushusha pumzi. Huyu alipokea kama mtu aliyelipwa haki yake. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote nikiomba radhi kwa hadubini ambayo sijawahi kuiona, na pembeni yangu mtu mzima aliyekuwa ameomba radhi hiyohiyo kwa sababu yangu.

Nikarudi nyuma hatua moja. Aliyesema ni yeye, kwa Kiswahili, kwa ufupi: dirisha, upepo, kishindo, ufagio, pole. Karani alitafsiri. Penye "pole" alikwama, akajaribu huku, akajaribu kule, mwisho akalisema vilevile kwa Kiswahili na kuweka mkono kifuani. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja, akajibiwa. Kisha akasema, na karani akatueleza kwa sauti ya chini, kwamba huenda ni kweli, na hatafukuzwa kazi. Lakini majina yamekwisha kupelekwa Dar es Salaam. Na zaidi ya hayo, mtu anayesema ndiyo akimaanisha hapana hawezi kuachiwa dawa.

Nje wahudumu walitupisha. Mmoja alisema, "Mai dia!" na ndoo zikagongana kwa kicheko. Mwanafunzi wangu alitembea nami mpaka langoni kama ilivyo adabu ya kumsindikiza mgeni. Nilitazama ardhi. Vumbi lilikuwa limeingia katika mishono ya koti la tajiri.

"Mwalimu," alisema. Hakuwa akinidhihaki. Hilo ndilo lililoniuma. "Sasa pole kwa Kiingereza ni nini?"

"Sijui."

"Huenda hawana?"

"Huenda."

"Maskini," akasema. "Wanaishije?" Akarudi kufagia.

Jumapili iliyofuata hakuja, nami nilishukuru. Watu wa mbele walipogeuka kuningojea niseme maneno, nilijifanya nimeshughulika na mkanda. Mama wa vitumbua alichungulia mvua, akanitazama, akaniacha bila kunitania. Hata hilo niliona ni adhabu.

Reli ilipotengenezwa, filamu iliitwa Tabora. Nilimwambia tajiri kwamba nitayapeleka makopo stesheni na sitarudi, nataka kuona Manyoni. Alinishika bega. Nilijitwika sanduku la makopo na kuchagua njia ya nyuma, inayozunguka mbali na hospitali, ijapokuwa ni ndefu na sanduku lilikuwa zito. Sikujua kwamba siku hizo wahudumu walikuwa wakichomea taka upande huo.

Alikuwa amesimama kando ya moshi na reki mkononi. Nilitumaini sanduku litanificha uso. Mtu aliyebeba sanduku la sinema Dodoma nzima alikuwa mmoja.

"Pole na mzigo, mwalimu!" aliita.

Nikasimama. Shingo haikugeuka kwa uzito. "Ahsante," nikasema, nikielekea mbele, kwa sauti ambayo sijui kama ilimfikia. "Nimekwisha kupoa."