Mpishi Aliyeketi Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa glavu za pamba kabla hata sijavua koti. "Salome, mafuta ya vidole hula rangi," Mkuu wa Hifadhi aliniambia. "Hapa tunashika kila kitu kana kwamba mwenyewe anatutazama."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika jumba dogo la makumbusho ya vitu vya watoto jijini Washington. Mimi nilikuwa fundi cherehani kutoka Morogoro, nikiishi Gaithersburg, katika jimbo jirani la Maryland, na mume wangu na binti yetu Neema. Walihitaji mtu wa kutunza nguo za wanasesere.

Mkuu huyo, mama mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa mwalimu ambaye sijapata mwingine kama yeye. Alinifundisha kufuta vumbi kwa brashi laini, na kubandika karatasi za ukutani kwa gundi ya wanga, ambayo hulainika kwa maji ukitaka kurekebisha. Alinieleza pia jinsi watoto wa karne ya kumi na tisa walivyocheza. Kwa wenye uwezo, nyumba ya wanasesere ilikuwa kabati kubwa lenye vyumba, na mara nyingi ufunguo aliushika mama. Msichana alifunguliwa kabati ili ajifunze kupanga sebule, kuandaa meza na kuamrisha watumishi. Mchezo ulikuwa shule.

Basi ikaletwa nyumba moja kutoka mji wa Columbia, huko huko Maryland. Mwenye nayo, mama mzee wa Kizungu, aliirithi kwa bibi yake. Jikoni mlikuwa na mpishi, mwanasesere mweusi mwenye kichwa cha kaure na mwili wa kitambaa. Nyumba nzima mweusi alikuwa mmoja, naye yuko jikoni.

Nilipomwinua, nikaona kwamba juu ya aproni ya dukani alivalishwa gauni la hariri ya buluu, lililoshonwa kwa mishono mikubwa, iliyopinda. Nikamgeuza mwanasesere aliyekuwa mama mwenye nyumba. Gauni lake, buluu ileile, lilikuwa limekatwa kipande kizima kwa nyuma.

"Mvueni," alisema Mkurugenzi wa makumbusho, aliyekuja kuitazama nyumba. "Tunaonyesha nyumba kama ilivyotoka dukani."

"Dukani hakuna aliyeichezea," Mkuu alimjibu. "Hii ni kazi ya mtoto."

"Una hakika gani? Wageni watasema tumebuni sisi."

Mkuu hakubishana. Alimpigia simu yule mama wa Columbia, naye akaja siku chache baadaye. Alipoliona gauni alicheka, kisha macho yakamlowa.

"Bibi alilishona mwenyewe," alisema. "Alichapwa kwa kuikata ile hariri. Na kila nyumba ilipofunguliwa, alimtoa mpishi jikoni, akamkalisha mezani na wenzake. Mama yake akimrudisha, yeye anamtoa tena."

Mkurugenzi alisogea kwenye kabati akainama kuitazama ile meza ndogo. Alikuwa mtu wa msimamo, lakini muungwana. "Gauni libaki," alisema. "Na mpishi akae mezani."

Mkuu akanigeukia. "Salome, mkalishe wewe."

Jumamosi moja nilimpeleka Neema kwenye makumbusho. Alipiga magoti mbele ya kioo.

"Unamwona yule wa buluu?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba anamwona, na kwamba aliyemshonea hajui kushona.

"Alikuwa mdogo kama wewe," nikamwambia. Akasogea karibu zaidi, pua ikagusa kioo.

Sasa nimestaafu. Vijana wetu wa Kitanzania hapa Maryland hushangaa kwamba mtu mzima aliweza kuendesha gari kila asubuhi barabara kuu ya 270 kwenda kutunza midoli. Mimi huwaambia kwamba karne ile ya kumi na tisa wakubwa walibishana sana, hadi kumwaga damu, juu ya nani anastahili kukaa wapi. Msichana mmoja alichukua mkasi, akachapwa, kisha akarudi kucheza vilevile. Kati ya watu wote niliowafanyia kazi Marekani, ninayemheshimu zaidi ni yeye, na hata jina lake la utotoni sikupata kulijua.