Kanga wa Bulumbi

Hospitali ilipotuambia turudi nyumbani, nilijua maana yake, na mke wangu pia alijua. Nilimlaza chumba cha mbele, hapa kwetu Mwello, asikie watu wakipita.

Yeye alikuwa Msamia wa Bulumbi, mimi ni Mpadhola, kila mmoja na lugha ya kabila lake. Tangu tulipokutana sokoni Busia, lugha ya nyumba yetu ilikuwa Kiswahili.

"Baba watoto," aliniambia asubuhi moja, "kila Jumamosi unapiga picha maharusi wa watu. Mimi nataka kanga."

"Leso?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Ndege! Wale wa kwetu, waliokuwa wanakula wimbi wa baba. Nimesahau ile bluu ya shingo zao."

Dada yangu akabaki naye, nami nikapanda pikipiki hadi ukweni. Shemeji yangu alinionyesha miwa mahali palipokuwa pori. "Wamebaki wachache, kule karibu na kinamasi," alisema. "Na watu wanawatega."

Nililala kwake. Kulipopambazuka nilikuwa nimejilaza kwenye majani, shati limelowa umande, kamera mbele ya uso. Kwa muda mrefu niliwasikia tu, ile sauti yao ya bawaba iliyokosa mafuta. Kisha wakatoka kwenye miwa wakaanza kuparura udongo. Jua likawapiga: madoadoa meupe mwili mzima, na zile shingo, bluu kali ajabu. Nimezoea kazi hii, lakini nilikawia kubonyeza kamera. Nilikuwa nawaza kwamba aliyestahili kuwa pale ni yeye.

Nilisafisha picha mjini Busia, kubwa, nikaiwahisha nyumbani. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Kumbe ni bluu hivi," alisema mwishowe. Halafu akasema, "Wamekuwa wachache."

"Wengine walikuwa ndani ya miwa." Sikujua kama ni kweli.

"Mimi nilikuwa nawatupia mawe. Wakila wimbi, baba ananichapa mimi." Akafumba macho, picha ikiwa kifuani.

Alifariki wiki hiyohiyo, nikiwa jikoni nampikia uji. Dada yangu aliniita, na kwa jinsi alivyoniita nilielewa, nikazima moto.

Mama mkwe alikuja mazikoni. Kwa desturi yetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai pamoja. Miaka yote alinisemesha kupitia watu, uso kaugeuzia pembeni. Siku ile alinifuata nyuma ya nyumba, nilikokuwa nimekaa peke yangu kwenye mkeka.

"Aliiona ile picha?" aliniuliza.

"Aliiona, mama."

"Akasema nini?"

Nikamweleza yote, hata habari ya mawe. Alicheka kidogo huku machozi yakimtoka, akaketi kwenye pembe ya mkeka wangu. Watu walituona, wakapita. Tukakaa hivyo mpaka tulipoitwa kaburini.