Wanawake Hamsini na Wanane Aliowazika kwa Kalamu

Saa mbili na robo asubuhi, chumba cha nyaraka kinafunguliwa, na mhadhiri mmoja wa historia ndiye wa kwanza kuingia. Mkoba na chupa ya maji vinabaki kaunta. Anaruhusiwa penseli na daftari tu. Anavaa barakoa, anaifungua rejista ya watumishi wa hospitali kongwe, na kurasa zilizoshikana kwa unyevu anaziachanisha taratibu.

"Mama Majalada, leo unamfufua nani?" anatania mtunza nyaraka.

"Mpishi wa wodi ya wazazi. Nipe rejista ya mwaka unaofuata, kabla ya mchana atakuwa anatembea."

Utani huo ulizaliwa na jambo lililomtoa machozi.

Mhadhiri huyu wa miaka arobaini na mmoja anaandika historia ya wanawake walioajiriwa zamani. Alipoanza, mjomba wake alimuuliza kama wanawake nao wana historia au wana umbea tu. Akacheka, akaendelea. Makala yake ya kwanza ilisifiwa: ilieleza kuwa wanawake 58 wa hospitali hiyo walifariki au waliacha kazi mapema, kwa sababu majina yao yalitoweka kwenye rejista.

Miaka miwili iliyopita aliyasema hayo ukumbini, kwenye mhadhara wa wazi, akamtaja mkunga mmoja kuwa alifariki mwaka jina lake lilipotoweka. Mshonaji mstaafu akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huyo mkunga ni mama yangu. Mwaka huo hakufa. Mwaka huo ndio alinizaa mimi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mhadhiri alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake mshonaji alimpelekea cheti cha kustaafu cha mama yake. Mkunga alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa zaidi. Kumbe mwanamke akiolewa, karani alilikata jina lake, akamwandika "mke wa" fulani kwenye kurasa za mwisho. Mhadhiri aliziona kurasa hizo, akadhani ni orodha ya wategemezi, akazipita.

"Karani aliwafuta mara moja, mimi nikawafuta mara ya pili," anasema. "Na nilijiita mtetezi wao! Nililia, sikufichi."

Wenzake walimshauri afunike kombe mwanaharamu apite. Makala hiyo ndiyo ilikuwa nguzo ya ombi lake la ajira ya kudumu, naye alikuwa mwaka wa sita akiishi kwa mikataba ya miezi kumi kumi. Alichapisha masahihisho, akaliondoa ombi, akarudi kwenye rejista na kuanza upya ukurasa wa kwanza. Nafasi ile akapewa mwingine.

"Iliniuma," anakiri. "Siku ile nilizima simu nikalala mchana kutwa."

Sasa amewapata wanawake 43. Saa nne na dakika chache, kidole chake kinasimama kwenye mstari uliofifia. "Mke wa seremala. Mpishi, wodi ya wazazi." Namba ya utumishi ni ileile ya msichana aliyetoweka. Mhadhiri anapiga meza kwa furaha, mtunza nyaraka anamkumbusha kwamba humu watu husoma. Wa arobaini na nne.

Alhamisi ijayo ana usaili. Nafasi ya kudumu imetangazwa tena, na safari hii ombi lake limesimama juu ya masahihisho yale yale yaliyomkosesha nafasi ya kwanza. Mshonaji, ambaye siku hizi humpigia simu kila wiki, ameapa kumsindikiza.

"Nitakaa nje kwenye benchi," anasema bibi huyo. "Wakimkataa, nitaingia mwenyewe niwaulize wana nini."

Mhadhiri anacheka, halafu anainamia tena rejista. Wamebaki kumi na wanne.

"Naitaka kazi hii jamani, naitaka sana," anasema. "Lakini naitaka huku mama wa huyu mshonaji akiwa hai kwenye maandishi yangu."